Bradenton, Mahali pa Kuuguza Viwiko

Ukitoka St. Petersburg, katika jimbo la Florida huko Marekani, na kushika barabara ya kusini, utavuka daraja refu la Sunshine Skyway lililoshikiliwa na nyaya za rangi ya njano, bahari ikiwa chini sana kushoto na kulia. Baada ya hapo nchi ni tambarare kabisa. Hakuna hata kilima. Kuna maji, miti ya jamii ya mnazi, maduka makubwa kando ya barabara, na joto ambalo mtu wa Tanga au Mombasa hatalishangaa. Mji wa Bradenton uko hapo, kando ya Mto Manatee. Watalii wengi huupita tu wakielekea ufukweni.

Sisi tulikuwa wauguzi wawili, wageni wa dada mmoja wa Kitanzania anayefanya kazi hospitalini upande wa Tampa. Ndiye aliyetuambia kwamba kama tunataka kuona jinsi wenzetu wanavyouguza mkono wa mtu, tusiende hospitali, twende uwanja wa mpira. Tulicheka. Lakini yeye hakuwa anatania.

Mpira wenyewe ni besiboli. Kwa mbali unafanana na raundazi ambayo baadhi yetu tuliicheza shuleni tukiwa wasichana: mmoja anarusha mpira mdogo mgumu, mwingine anaupiga kwa gongo, kisha anakimbia kuzunguka vituo. Timu kubwa za mchezo huu ni thelathini, na kila moja ina timu zake za kulea vijana, zilizopangwa kama ngazi. Juu ya ngazi kuna viwanja vyenye taa na watu maelfu. Chini kabisa, kwa upande wa Marekani, kuna ligi mbili zinazochezwa ndani ya vituo vya mazoezi vya timu: moja Arizona, nyingine hapa Florida. Hii ya Florida iliitwa Gulf Coast League kwa miaka mingi, na tangu mwaka 2021 inaitwa Florida Complex League. Chini yake tena kuna ligi ya Jamhuri ya Dominika, iliyoanza mwaka 1985, ambako watoto wa Amerika ya Kusini na visiwa vya Karibi huanzia.

Kituo tulichokwenda kinaitwa Pirate City. Kinatumiwa na timu ya Pittsburgh Pirates na kimekuwapo tangu mwaka 1969. Usitazamie uwanja wa fahari. Ni viwanja kadhaa vya nyasi vilivyopakana, uzio wa waya, jengo lenye mabweni na jiko, na vyumba vya mazoezi na tiba. Hakuna kiingilio. Mechi huchezwa mchana kweupe, jua likiwa utosini, na watazamaji siku ile hawakuzidi arobaini: wazee wawili watatu wenye kofia, wapelelezi wa timu na mashine zao za kupima mwendo wa mpira, na wazazi wachache. Unasikia kila neno la kocha. Unasikia hata viatu.

Vijana wenyewe wengi wana miaka kumi na minane, kumi na tisa. Mtoto wa Dominika au Venezuela anaweza kusaini mkataba akiwa na miaka kumi na sita, na akifika Florida anakuwa tayari amekaa kambini mwaka mmoja au miwili. Pirates wana kambi yao huko El Toro, Dominika, iliyofunguliwa mwaka 2009, ambako vijana hufundishwa Kiingereza na wengine humaliza shule ya sekondari humo humo. Hilo tulilipenda. Mtoto aliyeacha darasa ili arushe mpira, akirudishwa nyumbani bila cheti, anarudi na nini?

Sasa tuje kwenye viwiko, maana ndivyo vilivyotupeleka.

Mkono wa binadamu haukuumbwa kurusha kitu kwa nguvu zote mara mia kwa siku. Ndani ya kiwiko, upande wa mwilini, kuna utepe mfupi unaounganisha mfupa wa juu na wa chini. Madaktari huuita ligamenti. Mrushaji anapovuta mkono nyuma na kuufyatua, utepe huo ndio unaozuia kiwiko kisifunguke kama bawaba. Ukivutwa kupita kiasi kila siku unachakaa, na siku moja unakatika. Zamani huo ulikuwa mwisho wa kazi. Kisha, Septemba 1974, Dk. Frank Jobe wa Los Angeles alimfanyia upasuaji mrushaji aitwaye Tommy John. Alichukua kano kutoka mkono wake mwingine, akatoboa matundu katika mifupa ya kiwiko kilichoumia, akaipitisha kano humo kama mtu anayefunga kamba ya kiatu. Yeye mwenyewe alikadiria kwamba nafasi ya kufaulu ilikuwa moja katika mia. Tommy John alirudi uwanjani mwaka 1976, akaendelea hadi 1989. Upasuaji huo leo unaitwa kwa jina lake.

Kano inayochukuliwa mara nyingi ni ile nyembamba ya kifundo cha mkono. Msomaji, jaribu sasa hivi: gusanisha kidole gumba na kidole cha mwisho, kisha kunja kifundo kidogo kuelekea kwako. Ukiona kamba imeinuka katikati, unayo. Usipoiona usiogope, wapo watu waliozaliwa bila hiyo na hawapungukiwi na kitu. Kwao daktari hutafuta kano nyuma ya paja.

Upasuaji huchukua saa chache tu. Kazi inakuja baadaye, na kazi hiyo ndiyo inayofanyika Bradenton. Mchezaji wa daraja lolote akiumia hupelekwa kituoni, kwa sababu wataalamu wa mazoezi ya viungo, madimbwi ya kufanyia mazoezi na vifaa vyote viko huko. Hivyo daraja la chini kabisa linakuwa na watu wa namna mbili: watoto wanaoanza, na majeruhi wanaorudi. Unaweza kumkuta mtu anayelipwa mamilioni ya dola amekaa benchi moja na mtoto ambaye hajui kuagiza chakula kwa Kiingereza. Kanuni zinamruhusu mrushaji wa ligi kuu kucheza huku chini hadi siku thelathini akijipima, na mpigaji siku ishirini. Desturi ni kwamba mkubwa huyo, kabla hajaondoka, huwanunulia vijana wote chakula kizuri. Kwa vijana wa umri ule ni sikukuu.

Chumba cha tiba hatukuingia, na ndivyo inavyopaswa, mgonjwa ana haki ya siri yake hata kama ni mchezaji. Lakini hatua ya kurusha hufanyika nje, na tuliitazama kupitia uzio. Kijana mmoja mrefu, mwenye kovu refu ndani ya kiwiko, alisimama kama hatua kumi na nane za mtu mzima kutoka kwa mwenzake. Akarusha mpira taratibu, kama mtu anayemrushia mtoto chungwa. Mtaalamu alihesabu. Ishirini na tano, akakaa chini. Dakika kadhaa baadaye, ishirini na tano nyingine, basi. Siku ya kesho harushi kabisa.

Mpangilio huo ni wa kawaida baada ya upasuaji huu. Wiki za kwanza kiwiko kinafungwa kikiwa kimekunjwa, kisha kinanyooshwa kidogo kidogo kwa kifaa chenye vipimo. Halafu nguvu inarudishwa, kuanzia vidole, kifundo na bega, hata kiuno na miguu, maana mrushaji hutupa kwa mwili mzima. Kurusha huanza yapata mwezi wa tano, umbali wa mita kumi na nne hivi, halafu kumi na nane, ishirini na saba, thelathini na saba. Kiungo kikiuma, anarudi hatua moja nyuma. Mwaka mzima unapita, mara nyingi na zaidi, kabla hajasimama kwenye mechi ya kweli.

Tuliona wivu, tuseme wazi. Sisi tumemhudumia fundi cherehani aliyevunjika kiwiko kwa kuanguka na baiskeli. Plasta ilipoondolewa aliambiwa akafanye mazoezi nyumbani. Mazoezi gani, mara ngapi, hakuambiwa. Miezi mitatu baadaye mkono ulikuwa umekauka kama tawi, hawezi kushika mkasi kichwani kwa mteja wala kujifunga shuka. Hakukuhitajika dimbwi wala mashine. Alihitajika mtu wa kukaa naye nusu saa mara mbili kwa wiki, akihesabu.

Lakini wivu wetu ulikuwa na mpaka. Kiwiko cha Bradenton kinatunzwa kwa sababu kina bei. Mwaka 2008 mpira wa kasi katika ligi kuu ulirushwa kwa wastani wa kilomita 147 kwa saa. Mwaka 2024 ulifika karibu 152. Kila kijana anajua kwamba mashine ya yule mpelelezi ndiyo hakimu wake, kwa hiyo kila mpira anautupa kwa nguvu zote. Ligi kuu yenyewe ilitoa ripoti Desemba 2024 ikikiri kwamba mbio hizo za kasi ni chanzo kikubwa cha majeraha. Yaani mkono unaharibiwa na kuuguzwa chini ya paa moja.

Na haianzii kwa wakubwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya upasuaji huu uliofanyika Marekani kati ya 2007 na 2011 walifanyiwa vijana wa miaka 15 hadi 19. Hapo mwenyeji wetu alinyamaza. Ana mvulana wa miaka kumi na mitatu anayerusha katika timu ya mtaa, na kocha alikuwa akiomba acheze timu mbili kwa sababu, kama alivyosema, mtoto ana kipaji.

Kwa mama wa Kiafrika habari hizi si za mbali kama zinavyoonekana. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza mashindano ya dunia ya watoto huko Williamsport, Pennsylvania. Mwaka 2022 Dodgers wa Los Angeles walisaini vijana wawili wa Uganda, na mwaka uliofuata Pirates wakamsaini mrushaji David Matoma, naye wa Uganda, aliyeanzia Dominika kama wengine.

Na kabla yao alikuwapo Gift Ngoepe. Huyu alikulia Randburg, karibu na Johannesburg, katika chumba kidogo ndani ya jengo la klabu ya besiboli, kwa sababu mama yake ndiye aliyekuwa akifanya usafi na kupika pale. Mtoto alijifunza mchezo kwa kuwa uwanja ulikuwa ndio ua wa nyumba yao. Pirates walimsaini mwaka 2008, na 2009 akaanza kwenye ligi hii hii ya chini, hapa Bradenton. Alipanda ngazi polepole, mwaka baada ya mwaka. Mama yake alifariki mwaka 2013. Tarehe 26 Aprili 2017 Ngoepe aliingia uwanjani Pittsburgh, mtu wa kwanza aliyezaliwa Afrika kucheza ligi kuu, na zamu yake ya kwanza kushika gongo akaupiga mpira vizuri akafika kituo cha kwanza. Mama aliyeosha sakafu ile hakuwapo kuona.

Wengi hawafiki hata hapo. Kila mwaka mwezi Julai timu huchagua wapya katika raundi ishirini, na tangu 2024 kila timu kubwa hairuhusiwi kuwa na wachezaji zaidi ya 165 katika madaraja yake ya Marekani wakati wa msimu. Wapya wakiingia, wengine wanatoka. Mtu anaitwa ofisini asubuhi, mchana ana tiketi ya ndege. Angalau malipo yamesogea: hadi mwaka 2022 mchezaji wa ligi hii alipata kima cha chini cha dola 4,800 kwa mwaka, na mkataba wa chama chao wa mwaka 2023 ukaifikisha 19,800. Kwa Florida si fedha nyingi, ila sasa kijana anaweza kumtumia mama yake kitu bila kukopa.

Saa nane mchana mawingu yalijaa na radi ikapiga, kama ilivyo kila siku Florida wakati wa kiangazi chao, mechi ikasimama. Tulikimbilia garini. Njiani mwenyeji wetu alituomba tumsomee kwenye simu mwongozo wa warushaji watoto ambao ligi kuu na wenzake wa mpira wa Marekani waliutoa mwaka 2014. Tukamsomea: mtoto wa miaka 13 asizidi mipira 95 kwa siku, akirusha mingi apumzike siku nne, na kwa mwaka apate angalau miezi minne bila kurusha kwenye mashindano.

Jioni alimpigia kocha simu akiwa amesimama jikoni. Timu moja tu, alisema, na kuanzia Oktoba hadi Januari mkono unapumzika. Kocha hakufurahi, tulimsikia. Mvulana naye alinuna hadi chakula kilipotengwa, kisha akaomba aongezewe wali.