Mkono wa Baba na Vilima vya Grafu

Mliokuja kutafuta mambo ya Linux, leo mtanisamehe. Nataka tuzungumze kuhusu mkono. Ndiyo, huo huo unaosogeza kipanya.

Kufikia kikombe cha chai huonekana kazi ndogo. Hebu tuhesabu. Bega lina namna 3 za kuzunguka, kiwiko 1, kigasha 1, kifundo cha mkono 2. Jumla 7. Lakini kukiweka kiganja mahali popote, kikielekea upande wowote, zinatosha 6. Maana yake njia za kufikia kikombe hazina idadi. Katika miaka ya 1920, Mrusi Nikolai Bernstein aliwapiga picha wafanyakazi wakigonga patasi kwa nyundo. Nyundo ilitua karibu pale pale, ingawa viungo vya mkono vilibadilisha njia kila pigo. Kwa lugha yetu sisi waandika programu, hakuna njia moja iliyohifadhiwa kwenye faili. Ubongo hupiga hesabu upya kila mara.

Kiharusi huvuruga hesabu hiyo. Baba yangu ni mkulima hapa Yamumbi, nje kidogo ya mji wa Eldoret. Mwaka jana kiharusi kilimpiga upande wa kushoto wa ubongo, mkono wa kulia ukalegea. Alilazwa Hospitali ya Rufaa ya Moi, na nguvu zikarudi kiasi. Mpangilio haukurudi. Akiinua bega, kiwiko kinajikunja na vidole vinajifunga, kana kwamba vyote vimefungwa kwa kamba moja.

Yeye ana swali moja tu: nitakamua lini? Kukamua ni kazi ya zamu. Kidole gumba na cha shahada hubana chuchu juu kwanza, kisha vingine hufuata kimoja kimoja kushuka chini. Vikifunga vyote pamoja, maziwa hurudi kwenye kiwele. Na mnunuzi wa ng'ombe ameshapita kwetu mara mbili.

Basi nikaandika programu ndogo inayosoma kipima-mzunguko kilichomo ndani ya simu. Simu moja tulimfunga kigashani, nyingine kifuani. Mkono wenye afya ukienda kwenye kikombe, kasi hupanda na kushuka mara moja, kilima kimoja laini. Wa Baba ulichora vilima vingi kama Cherangani.

Baada ya wiki sita vilima vikapungua, Mama akaanza kumshukuru Mungu. Lakini mstari wa kifuani ulikuwa unapanda. Baba alikuwa akikifikia kikombe kwa kuinamisha kiwiliwili chote, mkono ukibebwa tu kama abiria. Mtaalamu wa tiba ya mazoezi hakushangaa. Alisema mwili hupenda njia ya mkato, na ikizoeleka, mkono hauna sababu ya kujifunza. Akatuambia tumfunge kifua kwenye kiti kwa leso.

Siku hiyo kikombe hakikufikika. "Wewe kijana, unanifunga kama ndama?" Sikuwa na jibu. Nilimfunga.

Kuna la kutia moyo. Mwaka 2006 yalitoka matokeo ya utafiti wa Marekani uitwao EXCITE, wa wagonjwa 222. Kundi moja lilivishwa glavu nene kwenye mkono usio na shida kwa sehemu kubwa ya siku, wiki mbili, huku mkono dhaifu ukifanyishwa mazoezi mengi. Wakaja kuutumia vizuri kuliko waliopata huduma ya kawaida. Ila walichaguliwa wale tu walioweza kukunjua vidole na kifundo japo kidogo. Baba anaweza.

Ng'ombe bado yupo. Mama hukamua, na Baba huketi kando yake akibana glavu ya mpira iliyojazwa maji, gumba kwanza. Siku nyingine maji yanatoka pale yanapotakiwa, siku nyingine yanamrukia usoni. Mnunuzi tumemwambia arudi baada ya mavuno.

Wewe mwenye mgonjwa nyumbani, usitazame tu kama mkono umefika kwenye kikombe. Tazama na kifua.

Tukijaliwa, wiki ijayo tutarudi kwenye Linux.