Nilipima Mlimani, Nikaunguza Ziwani

Nilitoboa pistoni ya pikipiki yangu mwenyewe. Fundi hakukosea. Barabara haina lawama. Niliitoboa mimi, kwa kutaka kuokoa esansi, yaani petroli, na kabla ya siku hiyo nilikuwa nimeshajisifu kwa kila aliyekubali kunisikiliza kwamba nimeiokoa.

Pikipiki yenyewe ni Honda CBR600F ya miaka ya tisini: silinda nne, kabureta nne, umbo la mashindano. Hakuna anayenunua chombo cha namna hiyo kwa kubana matumizi. Nilikinunua wakati esansi inapatikana na pesa inakaa mfukoni zaidi ya wiki. Kisha uhaba ukaja Burundi, ukatulia kidogo, ukarudi, ukakaa. Mwaka 2024 bei ya serikali ilikuwa kama faranga 4,000 kwa lita, lakini bei ya serikali inamfaa aliyeifikia pampu, na foleni za magari zilikuwa zinalala barabarani. Tuliobaki tulinunua kwenye chupa, kwa siri, kwa bei ya mara kadhaa ya hiyo. Mtu akishazoea kununua esansi kwa chupa ya maji ya kunywa, anaanza kuitazama injini yake kwa jicho la mshuku. Nilianza kuamini kwamba yangu inaniibia.

Ndani ya kila kabureta mna kipande kidogo cha shaba chenye tundu, kinachoitwa jikleri. Esansi inayokwenda kwenye silinda ukifungua gesi yote hupita hapo, na ukubwa wa tundu huandikwa kwa namba. Ukiweka namba ndogo, esansi inapungua na hewa inabaki ileile. Kwa hesabu za kemia, gramu moja ya esansi inahitaji karibu gramu 14.7 za hewa ili iungue yote. Injini inayovuta kwa nguvu hupewa esansi zaidi ya hapo, na mimi niliisoma habari hiyo nikaona nimemkamata mwizi. Kumbe kiwanda kinatupa mafuta! Nilishusha namba za jikleri zote nne.

Sikusoma aya iliyofuata. Esansi ile ya ziada haitupwi. Inapogeuka mvuke inaondoa joto ndani ya silinda, na inauzuia mchanganyiko usilipuke kabla ya wakati wake. Injini za mashindano hubana mchanganyiko sana, yangu zaidi ya mara 11, na kadiri unavyobana ndivyo ulinzi huo unavyohitajika. Ongeza hapo esansi ya chupa, ambayo hujui imechanganywa na nini. Niliondoa kinga nikaiita akiba.

Hata hivyo, kosa hilo peke yake lingegundulika mapema kama ningepima vizuri. Nilipima vibaya, tena kwa bidii.

Nina ndugu Muramvya. Wakati wa uhaba alikuwa akinihifadhia dumu la esansi kila alipoipata. Kwa hiyo nilikuwa napanda kwa barabara ya taifa namba 1 mpaka Bugarama, naendelea hadi kwake, najaza tangi mpaka shingoni uani kwake, naandika kilomita, narudi Bujumbura, kisha najaza tena kwa kipimo nione kimeliwa kiasi gani. Nilikuwa na daftari. Nilikuwa na kalamu. Safu zangu zilinyooka. Na namba zilikuwa nzuri mno, hata nikaanza kuzisoma kwa sauti kwa wenzangu wa pikipiki pale mtaa wa Rohero. Kwa kuwa nilisikia kwamba injini hukaguliwa kwa rangi ya buji, yaani plagi, nilikuwa nikizifungua hukohuko Muramvya, baada ya kupanda. Zilikuwa za kahawia, safi, rangi ambayo kila fundi atakusifia.

Msomaji anayeijua barabara ile ameshacheka. Ziwa Tanganyika liko kwenye mita kama 770 juu ya usawa wa bahari. Bugarama, kilomita 35 hivi kutoka mjini, iko juu ya mita 2,000. Safari niliyokuwa naipima ilikuwa ni kushuka. Vijana wa baiskeli wanaoteremsha ndizi Bujumbura wanalijua jambo hili kuliko mimi: wanashuka bila kukanyaga pedali, na wakati wa kupanda wengine hujishikiza nyuma ya malori, wakihatarisha maisha, kwa sababu mlima haukopeshi. Mimi nilikuwa nikiwapita na daftari langu mfukoni.

Siku ya siku nilikuwa na shughuli Cibitoke. Barabara ya taifa namba 5, inayokwenda huko, inapita katika tambarare ya Imbo. Imenyooka, joto ni kali, na mchana wa kiangazi hakuna kivuli. Nilifungua gesi, nikaiacha wazi. Baada ya muda nikasikia mlio mwembamba chini ya tangi, kama kokoto ndani ya kopo. Niliusikia vizuri. Nikajiambia ni mnyororo. Niliendelea, kwa sababu kusimama kungemaanisha kufungua, na kufungua kungemaanisha kukuta kitu. Mbele kidogo nguvu ikakatika, moshi ukatoka, na nikamaliza safari juu ya lori, pikipiki imefungwa kamba ubavuni mwangu.

Nilimpelekea fundi mmoja wa mtaa wa Buyenzi, mtu mzima, ambaye amefungua injini tangu kabla sijazaliwa. Alitoa buji ya kwanza, akaigeuza mwangani, akanipa bila kusema. Kaure yake ilikuwa nyeupe, na juu yake kulikuwa na vitone vidogo vya fedha. Sikujua ni nini.

“Hiyo ni pistoni yako, mwanangu,” akasema.

Aliendelea kufungua. Nikamweleza habari za jikleri, na kwa kuwa bado nilikuwa najitetea, nikamwambia kwamba nilizikagua buji mara kwa mara, zilikuwa za kahawia.

“Ulizikagulia wapi?”

“Muramvya, Mzee.”

“Na unaendesha wapi?”

Sikujibu. Hakuwa na haja ya kuniambia zaidi, ila aliniambia, kwa upole uliouma kuliko matusi. Mlimani hewa ni nyepesi. Kabureta haijui hilo. Inaendelea kutoa esansi karibu ileile, na mchanganyiko unakuwa mzito wenyewe. Jikleri zangu ndogo zilikuwa zinaifaa Muramvya. Kila niliposhuka ziwani, hewa iliongezeka uzito kwa karibu sehemu moja ya kumi, na esansi haikuongezeka kiasi cha kutosha. Mjini sikuona kitu, kwa kuwa huko hakuna pa kufungua gesi yote. Imbo palikuwepo.

Kisha akauliza, akiwa ameinama, bila kunitazama: “Na hiyo hesabu ya esansi, uliipima ukipanda au ukishuka?”

Hapo ndipo nilipojua. Buji ningeweza kuisingizia elimu. Si kila mtu anajua mambo ya kabureta na miinuko. Lakini kwamba pikipiki inayoshuka mlima hainywi esansi nyingi, hilo mtoto wa shule analijua. Nililijua na mimi. Nilikuwa nimelijua muda wote, na nililiacha nje ya daftari kwa sababu namba zilikuwa zinanipendeza. Nilisimama mle garajini, buji mkononi, nikitafuta sentensi ya kujitetea. Sikuipata.

Gharama ni hii. Pistoni moja ilitoboka, silinda ikachubuka, na vipuri vya pikipiki ya aina hiyo haviuzwi Buyenzi. Vilitafutwa Kampala, vikanunuliwa vilivyotumika, vikakaa njiani. Pikipiki ililala miezi. Pesa iliyotoka ingeninunulia esansi ya zaidi ya mwaka, hata kwa bei ya chupa.

Kuna gharama nyingine, na hii sikulipa peke yangu. Rafiki yangu mmoja alikuwa ameshusha namba za jikleri zake kwa ushauri wangu. Nilipotoka garajini ilinipasa kumpigia simu palepale. Sikumpigia. Niliona aibu, nikajiambia kwamba yeye haendi kasi, nikaacha siku zipite. Nilipomwambia hatimaye, tulifungua buji zake tukakuta zimeshakuwa nyeupe. Injini yake ilinusurika. Haikunusuriwa na mimi.

Sasa nafanya mambo yasiyosimulika kwenye meza ya chai. Jikleri za kiwandani zimerudi. Natazama upepo wa matairi asubuhi kabla hayajapata joto, kwa sababu tairi legevu linakula esansi kila kilomita. Mnyororo naupaka mafuta na kuukaza kwa kipimo. Nazungusha gurudumu kwa mkono nione kama breki inashika bila kuitwa. Kichujio cha hewa nakisafisha, maana vumbi la Imbo halina huruma. Na zaidi ya yote, nimeupunguza mkono. Ukitoka kilomita 80 kwa saa ukafika 120, upepo unakusukuma nyuma kwa nguvu zaidi ya mara mbili, na nguvu ya kuushinda inatoka tangini kwako. Mwizi niliyemtafuta ndani ya kabureta alikuwa kwenye kiganja changu cha kulia.

Kupima napima bado, ila kwa kwenda na kurudi: najaza Bujumbura, napanda, nashuka, najaza palepale kwa kiwango kilekile, kisha nagawa kilomita kwa lita. Namba ninayoipata ni mbaya kuliko ile ya daftari la zamani. Ndiyo ninayoitaja nikiulizwa.

Na kama uliwahi kukaa nasi Rohero ukanisikia nikizisoma zile namba nzuri, nawe ukaenda kupunguza jikleri zako, rudisha za zamani. Usisubiri buji zikuambie, na usiende Cibitoke kabla hujafanya hivyo.