Kikapu cha Buni

Mgeni aingiapo katika nyumba ya Kinyambo ishikayo desturi, hupewa buni za kutafuna, zilizochemshwa kisha zikakaushwa, nazo huletwa katika kikapu kidogo, ndicho ekiibo. Siku hizi vikapu vya namna hii hununuliwa na watu wa mijini, wakavitundika ukutani viwe pambo. Wako walimu wasemao ya kwamba huko ni kuviua. Mimi siwezi kulikubali neno hilo lote.

Shangazi yangu hukaa Kyerwa, nchi iliyokuwa sehemu ya wilaya ya Karagwe hata mwaka 2012, naye hushona vikapu tangu ujana wake. Huanzia katikati ya kitako: hukunja fungu la majani makavu mfano wa konokono, akalishona kwa nyuzi nyembamba mzunguko juu ya mzunguko, akitoboa kwa shazia. Mzunguko mmoja ukilegea, ukingo wote hupinda, wala hapana budi kufumua. Nilipomweleza ya kuwa kikapu cha ukutani hutundikwa kitako kikiwaelekea watu, alicheka sana. “Mwanangu, basi kitako kilichokaa chini miaka yote ndicho leo kitazamwacho!” Tangu hapo nakshi yake iliyo nzuri kupita zote huiweka pale kati, ambapo zamani hakutia kitu. Je, kazi iliyokufa huongezewa nakshi?

Linichomalo moyo ni habari ya bei. Mnunuzi mmoja alikuja akashika vikapu viwili vipya, akasema, “Ni vidogo, tena vitupu, mbona ghali?” Shangazi hakukasirika. Alimhesabia siku ya kukata majani bondeni, siku za kuyaanika, kuchana nyuzi, na jioni 9 za kushona kila kimoja, baada ya kutoka shambani. Kisha akanyamaza. Fedha ile ilikuwa ya madaftari ya wajukuu, na shule ilikuwa karibu kufunguliwa. Yule bwana akatoa nusu, akataka na kile cha zamani, kilichoingia weusi kwa moshi na mikono ya watu.

“Hicho kina kazi yake, bwana,” akajibu, “na hivi viwili bei ni ile ile.”

Akaenda mpaka penye migomba ya mwisho, akarudi, akalipa. Ndipo shangazi alipomletea buni katika kile cha zamani.