KABLA HUJALIPENDA LORI, LIBINUE KICHWA

SIO siri, ng'ombe wa mtu akikufia mkononi hata usingizi unakukimbia. Mimi yalinikuta Februari 2023, saa saba mchana, pale Gongo la Mboto, jua likiwaka ile mbaya. Nyuma nilikuwa na ng'ombe watano kutoka Mnada wa Pugu, nawawahisha machinjioni Vingunguti. Ghafla mshale wa joto ukapanda, moshi ukatoka chini ya kiti, dereva akapaki pembeni. Mkanda wa feni umekatika. Mkanda ukikatika pampu ya maji haizunguki, na injini inachemka kama chungu cha pilau.

Nikajisemea, si mkanda tu! Mkanda wa elfu kumi na tano, fundi yuko ng'ambo ya barabara, dakika ishirini tumeondoka.

Thubutu! Lile gari, jina lake silitaji lisije likanitafuta, lilikuwa na kichwa kilichogandishwa moja kwa moja kwenye chesisi. Injini imejificha chini ya viti. Fundi akang'oa kiti cha abiria, akang'oa cha dereva, akatoa betri, akafungua mfuniko. Mkono hauingii. Akalala chini ya gari, akatoka na uso mweusi tii.

"Dada'ngu, njia iliyobaki ni kufungua huku juu, kwenye sakafu ya bodi. Mpaka ng'ombe washuke."

Washuke wapi? Pale ni barabara kuu, daladala zinapiga honi, wapiga debe wanapiga kelele. Ng'ombe wa mnadani akishaona upenyo, utamkutia Chanika. Basi wakabaki juu, jua linawapiga, gari halitembei, hata upepo hakuna. Saa nane mmoja akapiga magoti. Wenzake wakamkanyaga. Mzee mwenye mali, muuza bucha mmoja wa Segerea, alikuja na bodaboda, akachungulia, akatikisa kichwa.

"Mwanangu, huyo akikata roho kabla ya kisu ni kibudu. Na mimi kibudu siuzi."

Saa tisa akakata roho. Nililipa milioni moja na laki nne, pesa yote niliyokuwa naidunduliza. Mkanda wenyewe ulifungwa saa kumi na nusu.

Unajua kwa nini nililinunua gari lile? Rangi ilikuwa inameta, redio inapiga besi mpaka kifua kinatetemeka, na mashoga zangu waliliita "bebi". Nililizunguka mara tatu, nikapiga picha, nikalipa. Injini sikuiona hata siku moja.

Nikaliuza kwa hasara. Mama, ambaye si mtu wa maneno mengi, akakata robo ya kiwanja chetu hapa Kinyerezi, akauza. Msomaji, unazijua bei za viwanja vya Kinyerezi siku hizi, na unajua vilevile kwamba ukishauza, basi tena. Akanikabidhi pesa na maneno machache: "Ardhi hairudi. Usiniletee gari la kupigia picha."

Safari hii nilikwenda yadi na fundi wangu. Kwanza nilimlipa posho yake kabisa, maana fundi mwenye njaa anakula cha juu kwa dalali, halafu kila kimeo kwake ni "gari safi".

Lori la kwanza lilikuwa bomba. Lina bodi ya ng'ombe tayari, mabomba mapya, na juu ya kichwa wamechomelea kichanja cha kuwekea majani na godoro la tandiboi. Moyo wangu ukaanza kwenda. Nikakumbuka robo kiwanja, nikamwambia dalali, "Kaka, naomba unibinulie kichwa."

"Aah, dada, injini hii haijawahi kusumbua mtu."

"Sawa. Libinue tu."

Kikaanza kuinuka, kidogo tu, kikagonga kichanja. Kwisha habari! Kichwa kinabinuka kweli, ila bodi imekikalia kama bibi harusi aliyekalia shela lake. Siku mkanda ukikatika, utaanza kumtafuta mchomeleaji kabla ya fundi. Wala tusijione tuko peke yetu. Uingereza wanaosafirisha farasi kwa malori wana mtindo wa kujenga kitanda juu ya kichwa cha lori, na wao swali ni hilohilo: kichwa kitainukaje? Ng'ombe au farasi, mnyama hasubiri injini.

La pili lilikuwa Canter, injini ya 4D33, lita 4.2. Rangi imepauka, kiti kimechanika, redio hakuna. Fundi akavuta wenzo wa nyuma ya kichwa, akaachia kulabu ya usalama, akasukuma. Kichwa kikainuka kama mfuniko wa sufuria, kwa mtu mmoja, maana kuna springi inasaidia. Mhimili wake ukakaa na kujifunga. Injini yote ikawa nje: mkanda huu hapa, chujio la dizeli hili hapa, pampu ndogo ya mkono ya kutolea hewa hii hapa. Unasimama chini, unanyoosha mkono, unafika. Ng'ombe wako wanabaki juu, hawana habari.

Hilo ndilo swali la kwanza la kumuuliza muuza lori la mifugo: injini inafikika bila kumshusha mnyama hata mmoja?

Wazee wa gereji wanaijua hadithi hii. Bedford TK za miaka ya 1960 kichwa chake hakikubinuka. Injini ilikaa nyuma ya kiti, unafungua vifuniko vya pembeni nyuma ya mlango, unachokonoa. Lilipokuja toleo la TL mwaka 1980, kichwa kikaanza kubinuka. Malori ya pua ndiyo raha kuliko yote, unafungua boneti tu, ila pua inakula urefu ambao ungebebea ng'ombe.

Na ukienda kubinua, usiende kichwakichwa. Gari lisimame tambarare, gia huru, handbreki juu. Toa chupa na spana ndani, zisije zikatoboa kioo cha mbele. Usiingize shingo kabla hujaona mhimili umejifunga. Ukikuta injini imeoshwa inang'aa, jiulize wanaficha mvujo gani. Na liwashwe likiwa baridi, sio umelikuta linanguruma tayari.

Bodi niliitengenezesha mwenyewe. Nilimwambia mchomeleaji abinue kichwa kwanza hadi mwisho, ndipo apime. Juu ya kichwa sikuweka hata kamba.

Agosti 2024, pale Ukonga, nikiwa na ng'ombe sita, mkanda ukakatika. Mikono ilinitetemeka, nisikudanganye. Dereva akapaki, wakasubiri injini ipoe kidogo, wakabinua kichwa, wakafunga mkanda wa akiba tunaotembea nao chini ya kiti, wakaongeza maji. Dakika arobaini. Ng'ombe walikuwa bado wanacheua.

Nilirudi Kinyerezi jioni, nikamkuta Mama barazani anachambua mchele. Nikamsimulia yote.

"Wameshuka wangapi Vingunguti?" akauliza.

"Sita."

"Wazima?"

"Wazima, Mama."

Akatazama upande ule wa kiwanja ambao si wetu tena, kisha akaendelea kuchambua mchele wake.