Mama Mkwe na Sinki la Miguu Minne

Akina mama wenzetu, wengi wetu tunaishi na wazazi wazee, na suala la kuwaogesha tunalijua vizuri ingawa hatulizungumzi. Si kazi nyepesi mkwe kumwogesha mama mkwe wake. Ugumu wenyewe hauko katika uzito wa mwili, uko katika aibu, na aibu hiyo ni ya pande zote mbili. Sisi, mume na mke, tumeona tuwasimulie jinsi tulivyolipatia jambo hilo njia hapa kwetu Lushoto.

Nyumba tunayoishi ilijengwa wakati wa Waingereza. Bafuni mna sinki refu la kuogea la chuma cha kusubu, jeupe kwa enameli, limesimama juu ya miguu minne yenye umbo la kucha za ndege zilizokamata mpira. Masinki ya namna hii yana historia yake. Mwaka 1883, huko Wisconsin, Marekani, John Michael Kohler alichukua chombo cha chuma cha kunyweshea farasi, akakipaka enameli na kukitia miguu minne, kikauzwa kama sinki la kuogea. Mama aliposimuliwa habari hiyo alicheka sana. "Kumbe mmeniweka na farasi!" akasema.

Miaka yote sinki lile lilikuwa la kulowekea nguo na kuwekea maji ya akiba. Sisi tulioga kwa ndoo na kopo, na mama alipohamia kwetu kutoka Korogwe aliendelea hivyo hivyo. Lakini magoti yalimwishia. Kuinamia ndoo akawa hawezi, na akikaa ndani ya sinki hawezi kuinuka. Kuogeshwa alikataa kabisa. "Wanangu," alituambia, "anayeogeshwa ni mtoto mchanga au maiti. Mimi bado ni mtu mzima." Baridi ya Juni ilipokaza, akaanza kuruka siku. Kisha akaacha kwenda kwenye mikutano ya akina mama kanisani, akisema kichwa kinamuuma. Tulijua si kichwa.

Fundi bomba alishauri tuling'oe sinki, tuliuze kama chuma chakavu, tujenge mahali pa kuogea sakafuni. Kwa mzee hiyo ndiyo njia bora, hatubishi. Lakini ilidai kuvunja sakafu na kuhamisha bomba la maji machafu, na fedha tuliyokuwa nayo ilikuwa ya ada ya shule. Basi tukaamua kuweka bomba la mvua juu ya sinki lile lile.

Jambo la kwanza lilikuwa miguu. Sinki kama hili lina uzito unaozidi kilo 100, na likitiwa maji na mtu ndani, uzito unapanda sana. Fundi alikaza kila mguu hadi sinki likaacha kutikisika. Rangi ya zamani ya nje hatukuikwangua, maana rangi za miaka ile huweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu kwa watoto.

La pili ni maji. Sinki halikutobolewa popote, kwa sababu enameli ikipasuka chuma huanza kula kutu. Bomba la nusu inchi lilipandishwa kutoka kwenye koki zilizokuwapo. Maji baridi na maji ya moto yote yanatoka kwenye tanki moja lililo juu ya mnara nje, ili shinikizo lilingane. Maji ya moto hupitia kwanza katika pipa lililojengewa juu ya jiko la kuni, na pipa hilo lina bomba la kupumulia linalopanda kupita kimo cha tanki, mvuke usije ukalipasua. Watoto wote wamefundishwa kufungua baridi kwanza, ndipo waongeze moto.

La tatu ni pazia. Sinki la miguu halikuegemea ukuta, hivyo maji huruka pande zote. Fundi alikunja chuma chembamba kikawa duara refu kama yai, akakining'iniza darini. Pazia la plastiki lina upana wa mita 4 na nusu, na pindo lake huingia ndani ya sinki. Tulishonea vijiwe katika pindo, maana plastiki iliyolowa hupenda kumng'ang'ania mtu mwilini.

Lakini bomba la mvua peke yake lisingemsaidia mama, kwani ukingo wa sinki una kimo cha sentimita 60 hivi. Kwa hiyo fundi seremala alitutengenezea ubao mpana unaolala juu ya kingo mbili, ukiwa na vipande vya mbao chini yake vya kuuzuia usiteleze. Mama hukaa kwenye ubao akiwa bado nje, kisha huingiza mguu mmoja mmoja. Chuma cha kushikia kimefungwa ukutani, upande wa kichwa cha sinki, kwa kuwa ukingo wa mviringo haushiki kitu vizuri. Kichwa cha bomba kina mpira mrefu, anaushika mkononi na kujimwagia atakapo.

Ziko siku magoti yakivimba anahitaji mkono hadi kwenye ubao, na mkono huo ni wa mjukuu wake wa kike. Baada ya hapo hufunga pazia, akaoga, akajikausha, ndipo anapoita. Kwenye mikutano ya akina mama amerudi, na sasa ndiye anayetuhimiza tusichelewe.

Kwa hiyo, mama mwenzetu, kabla hujamwita fundi, keti na mzee wako. Muulize anaweza kuinua mguu hadi wapi, na ni kitu gani hataki mtu mwingine amfanyie. Vipimo vya bomba vitafuata.