Chale Ndogo za Kisesa

Daladala ikishaipita Igoma, jiji la Mwanza huanza kulegeza mkono. Maduka hupungua, mashamba hujitokeza, na mawe, ambayo kule mjini yamebanwa kati ya nyumba na nyumba, hupata nafasi ya kusimama yenyewe. Kisesa iko kilomita zipatazo 20 kutoka mjini, kwenye barabara ya Musoma, wilayani Magu. Nilishuka saa mbili asubuhi. Kijana wa bodaboda akanisalimu, "Mwangaluka!" Nikamwitikia kwa Kisukuma changu cha kuazima, nikamwambia kwamba leo nataka kupanda hadi makumbusho ya Bujora kwa miguu.

Sijajuta. Njiani nilikuta jiwe kubwa kuliko nyumba, na juu yake mjusi kafiri dume, kichwa na mabega rangi ya waridi, kiwiliwili cha buluu, akiinua na kushusha kifua kama anayeapa. Jina ambalo wanasayansi wamempa mjusi huyu limebeba jina la Mwanza, na kwa jinsi anavyoyapenda mawe haya anastahili. Miguuni pangu palikuwa na kipande kilichobanduka, ukubwa wa andazi. Nilikigeuza juani. Punje za kioo kijivu, hizo ni kwazi. Vigamba vyeusi vinavyometa, hiyo ni mika. Na punje nono zenye wekundu wa mbali, hizo ni feldispa, na ndani ya feldispa mna potasiamu.

Hapo ndipo hadithi iliyonileta Kisesa inapoanzia. Granaiti hii ni sehemu ya mwamba mkongwe wa kati ya Tanzania, wenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Kama granaiti yoyote, imebeba urani kidogo, thori kidogo, na potasiamu ya aina ya 40 ambayo hutoa mionzi. Potasiamu hiyo hupungua nusu kila baada ya miaka bilioni 1.25. Piga hesabu: tangu jiwe hili lilipopoa, imebaki kama robo tu. Viumbe wa kwanza wa dunia waliishi chini ya mionzi mikali kuliko yetu, nasi ni uzao wa wale waliojua kujitengeneza.

Wataalamu wetu huiita mionzi ayonisha, kwa kuwa ina nguvu ya kuing'oa elektroni kutoka kwenye atomu. Inatoka ardhini, inashuka kutoka angani, na inatoka ndani yetu wenyewe. Mtu mzima ana potasiamu ya kutosha mwilini kiasi kwamba kila sekunde atomu zipatazo 4,000 humpasukia ndani, na hasikii kitu. Bakuli la michembe nililokaribishwa mchana ule lilikuwa na sehemu yake ndogo ya mionzi hiyo, kama kilivyo chakula chote kitokacho udongoni. Kwa wastani wa dunia, binadamu hupata milisiverti 2.4 kwa mwaka kutoka kwa maumbile peke yake.

Mionzi hiyo ikiipiga, seli hufanya nini? Haikai kungoja. Uzi wake wa vinasaba ni wa nyuzi mbili zilizosokotwa. Ukikatika mmoja, mwenzake hutumika kama kielelezo cha kuushonea. Zikikatika zote mbili ndipo kazi huwa nzito: seli husimamisha kugawanyika, huita vimeng'enya vya ukarabati, hupima, huunga. Ikiona uharibifu umezidi, hujiua yenyewe kuliko kuzaa watoto wenye kasoro. Haya hutokea sasa hivi ndani yako unaposoma, na sehemu kubwa ya uharibifu unaorekebishwa wala hautokani na mionzi. Hutokana na pumzi na joto la uhai wenyewe.

Juu Bujora nilifika jasho likinitoka. Makumbusho haya ya Wasukuma yalianzishwa katika miaka ya 1950 na Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, na hadi leo sijaona mahali Kanda ya Ziwa panapoheshimu mambo ya wenyeji kwa upole kama hapa. Zipo ngoma za watemi, ngozi zake zimekauka na bado zinajibu ukizigusa kwa kidole. Wapo Bagika na Bagalu, mahasimu wa ngoma ambao kila Juni hushindana kwenye sherehe za Bulabo. Na wapo Bayeye, wacheza na nyoka.

"Hawa hawang'atwi?" nilimuuliza mzee aliyekuwa akinitembeza.

"Wanang'atwa, mwanangu. Ila wamechanjwa kwanza."

Akanionyesha kwenye mkono wake mahali chale hukaa: mistari midogo, mifupi, inayopakwa lukago, dawa ya nyoka. Hans Cory, aliyechunguza mila za Wasukuma enzi za ukoloni, aliandika juu ya chama hiki mwaka 1946. Mimi si wa kupima nguvu ya lukago, na aliyeumwa na nyoka apelekwe hospitali upesi. Lakini wazo lile lilinigandisha pale: onja kidogo kwanza, ili kikija kikubwa kikukute macho.

Kwa maana mwaka 1984 watafiti watatu, Olivieri, Bodycote na Wolff, walitangaza jambo la namna hiyo hiyo. Walichukua limfosaiti za binadamu, aina mojawapo ya chembe nyeupe za damu, wakazilea kwenye mionzi hafifu, kisha wakazipiga eksirei kali. Kromosomu zilizovunjika zilikuwa chache kuliko hesabu ilivyotaka, karibu nusu. Majaribio yaliyofuata yalionyesha kwamba seli zinahitaji saa kadhaa kujiandaa, na kwamba ukizuia vimeng'enya vya ukarabati kinga hiyo hutoweka. Yalionyesha pia kwamba damu za watu hazifanani: za wengine hazijibu kabisa. Kule Ramsar, Iran, ambako chemchemi za maji moto zimeacha radiamu ardhini, limfosaiti za baadhi ya wenyeji zilistahimili pigo la maabara vizuri kuliko za majirani zao.

Limfosaiti ndizo hasa zinazoshambuliwa na virusi vya UKIMWI. Na watu wa Kisesa, tangu mwaka 1994, wamewafungulia milango watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) ya Mwanza, wakahesabiwa nyumba kwa nyumba, wakatoa damu, ili ugonjwa huo ueleweke. Wengi wanaokuja Bujora kupiga picha hawalijui hili. Mimi nalihesabu kuwa fahari ya mahali hapa sawa na ngoma za watemi.

Nikiteremka nilimkuta mama anaponda kokoto chini ya kivuli cha turubai. Jiwe analiweka ndani ya pete ya mpira wa tairi lisiruke, nyundo inashuka mara mbili, anachambua kwa ukubwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu kivuli."

Nilikaa. Vumbi jeupe lilikuwa limetua kwenye nyusi zake. Vumbi lile la kwazi lilinitia hofu kuliko mionzi ya jiwe, na nikamwambia, naye akavuta kitambaa chake cha kichwani hadi puani, kwa adabu nadhani, maana baadaye kilishuka tena. Hofu yangu ya pili ni radoni, gesi itokayo kwenye urani ya mawe, ambayo ikifungiwa ndani ya nyumba huleta saratani ya mapafu. Dawa yake ni dirisha wazi. Seli kujua kujitetea hakumpi mtu ruhusa ya kuijaribu: kipimo kikizidi ukarabati hushindwa, na wanaolinda wafanyakazi wa eksirei bado huhesabu kila kipimo, hata kidogo, kuwa na hatari yake.

Jua lilipolala upande wa ziwa, mawe ya Kisesa yaligeuka rangi ya chungwa. Niliegemea moja nikingoja daladala, mgongo wote ukipokea joto lililohifadhiwa tangu mchana. Mama alikuwa anafunga turubai. Kondakta akaita, "Mjini, mjini!" nami nikasimama, lile andazi la granaiti mfukoni.