Mshipi wa Nungwi katika Ziwa Eyasi

Mvuvi wa pwani hufunzwa mapema kwamba samaki hapatikani kwa nguvu, hupatikana kwa kujuliwa. Nguru hukimbilia kinachong'aa, ndiyo maana hurambaziwa unyoya mweupe nyuma ya ngalawa iendayo kwa tanga. Changu hukaa mwambani, naye hutaka kipande cha ngisi kibichi kilichoifunika ncha ya ndoana. Elimu hii haina daftari. Makao yake ni kidole cha shahada, pale unapopita mshipi, na mtoto huirithi kwa kukaa karibu na mzee chomboni.

Kulikuwa na fundi mmoja, mzaliwa wa Nungwi, aliyeichukua elimu hiyo akaenda nayo mbali sana na bahari. Riziki ilimfikisha Wasso, mji mdogo wa wafugaji katika tarafa ya Loliondo, wilayani Ngorongoro, naye akaoa huko huko. Katika kopo la maziwa ya unga alihifadhi mshipi wa marehemu baba yake, ndoana kadhaa na chubwi za risasi. Kopo hilo lilikaa juu ya kabati kama kumbukumbu tu, kwani nyanda zile za juu hazina ziwa la kuvuliwa. Natron, lililo chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, maji yake ni magadi makali, na vijisamaki vyake ni vidogo mno kwa ndoana.

Tena, nani angemvulia nani? Wamaasai wa jadi hawali samaki. Chakula chao cha heshima ni maziwa na nyama, na asiye na ng'ombe, aishiye kwa kuwinda, huitwa kwa jina lenye maana ya ufukara.

Zikaja mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998. Kwa mvua zile, mbu walizidi, na pamoja nao ikaja homa ya Bonde la Ufa. Ng'ombe waliharibu mimba. Ndama, kondoo na mbuzi walikufa. Boma la wakwe wa fundi lilikuwa miongoni mwa yaliyopatwa. Shemeji yake, kijana aliyekuwa bado hajaoa, alibaki na fimbo ya kuchungia na mifugo ya kuhesabika kwa vidole.

Lakini mvua hizo hizo zilikuwa zimelijaza Ziwa Eyasi, kusini, upande wa Karatu. Eyasi ni ziwa la chumvi, lenye kina kifupi. Miaka ya ukame hukauka hata watu wakalivuka kwa miguu, na miaka ya mvua kubwa huwa na kambare na kamongo kwa wingi, wakaja Wasukuma kuvua na kuuza. Habari zikafika Wasso. Fundi akaliteremsha kopo lake.

"Shemeji," kijana aliuliza, "nikivua, nyumbani nitaitwa nani?"

Fundi hakuwa na jawabu. Wakaondoka hivyo hivyo, kwa malori na kwa miguu, mpaka Mang'ola penye mashamba ya vitunguu, wakaifikia pwani ya ziwa.

Siku mbili za mwanzo fundi alivua kama mtu wa Nungwi. Alifunga unyoya mweupe, akatupa mchana kweupe, akauvuta mshipi upesi upesi. Hakupata kitu. Maji ya Eyasi yalikuwa ya tope, na kambare si samaki wa kuona king'aacho. Hutembea chini, usiku, akipapasa kwa sharubu na kufuata harufu. Kijana aliyatazama maji yale kwa muda, kisha akasema neno la mchungaji: "Huyu ni kama fisi. Mwite kwa pua."

Wakanunua ini la mbuzi, wakaliacha juani hata likaanza kunuka. Hapo ndipo elimu mbili zilipokutana, kwani chambo kilikuwa cha kijana, lakini kazi iliyobaki ilikuwa ya mshipi wa Nungwi. Fundi alichagua ndoana nene, maana kambare ana mdomo mpana na mfupa mgumu. Aliipenyeza katika ini mara tatu ili lisinyofoke, akaacha ncha ikichungulia kidogo. Chubwi aliifunga shubiri mbili juu ya ndoana, chambo kilale chini penye tope. Boya hakutia. Kwa ajili ya kamongo, mwenye meno ya kukata nailoni, alitanguliza kipande cha waya. Kisha akamwekea kijana mshipi juu ya kidole cha shahada, akamfundisha jambo gumu kuliko yote: akidonoa, usivute. Mpe mshipi. Akishaondoka nao, ndipo umkaze, naye umlete polepole bila kulegeza, kwani kamba hukatikia pembamba.

Aliyetangulia kupata ni kijana. Kambare alitolewa majini akaendelea kuishi muda mrefu mchangani, kwa kuwa ana kiungo cha kuvutia hewa juu ya matamvua yake. Fundi alionya asishikwe ovyo, maana mapezi yake ya kifuani yana miba. Ashikwe nyuma ya kichwa, vidole viwe nyuma ya miba hiyo. Usiku ule fundi alimchoma mmoja makaani akala. Kijana alikula ugali na maziwa, akageuza uso upande wa moshi usipokwenda.

Walikaa mpaka maji yakaanza kurudi nyuma. Kijana alivua, akapasua, akakausha na kuuza, wala hakuonja hata kipande. Fedha alizozipata zilitosha mtamba mmoja.

Walipofika Wasso, mzee wa boma alimzunguka mnyama, akampapasa mgongo, akamtazama meno. Akauliza ametoka wapi. Fundi akainamisha kichwa. Aliona aibu ile si yake kuieleza, wala uongo si wake kuutunga.

"Ametoka majini, baba," kijana akasema.

Mzee alinyamaza kitambo kirefu. Kisha akasema, "Basi na apelekwe akanywe."

Jioni ile kopo lilirudishwa juu ya kabati. Fundi alipolifungua aliukuta mshipi umeoshwa chumvi, umekaushwa na kuzungushwa vizuri kijitini, kama baba yake alivyokuwa akiuzungusha. Ndoana moja haikuwamo. Hakuiulizia.